Salamu za Seremala

Mume wangu watu humwita Zege, na jina hilo hakulipata kwa ubishi wake tu, ingawa ubishi anao wa kutosha kugawia majirani. Alilipata kazini. Misingi, nguzo na ngazi za mtaa huu na wa pili zimepita mikononi mwake. Mdogo wake alikuwa Seremala, fundi wa milango na mapaa. Mmoja anaanza nyumba, mwingine anaimaliza. Ungedhani Mungu aliwaumba wafanye kazi pamoja, kumbe walikuwa hawasemezani.

Ugomvi ulianza siku baba mkwe wangu alipozidiwa. Mume wangu alikuwa juu ya jengo la watu, zege limeshachanganywa, vibarua wamejipanga wanapokezana makarai. Akaletewa habari kwamba baba yake anamwita. Akajibu neno ambalo mafundi wote hulisema: zege halilali. Maana yake ukishalichanganya, ulimalize siku hiyohiyo, la sivyo linakufia mikononi na kazi inabaki na ufa. Alidhani mzee atasubiri mpaka jioni. Mzee hakusubiri. Mume wangu alifika na saruji miguuni akakuta watu wameketi chini wanalia, na Seremala akamwambia mbele ya wote kwamba yeye hakufiwa, kwa kuwa baba yake ni zege na zege bado liko kazini.  Tangu siku ile hawakupeana hata mkono, na sisi wake zao tukawa tunasalimiana kwa kuibia sokoni.

Aliyebaki kati yao ni mama mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka maneno huku na kuyarudisha kule, na njiani alikuwa akiyachuja. Neno likiingia chungu, linatoka tamu. Seremala akisema, “Mwambie huyo punda arudishe ngazi yangu,” kwetu inafika kwamba mdogo wako anaiomba ngazi, ukiwa na nafasi. Mume wangu akijibu kwamba kama ana miguu aje aichukue mwenyewe, kule inafika kwamba kaka yako anasema karibu nyumbani. Sisi wake zao tulikuwa tukicheka mpaka machozi. Siku moja nilimtania Mama kwamba serikali imekosa balozi. Hakucheka. Alisema wote wawili wametoka tumbo moja, na yeye hawezi kubeba tusi la mmoja akamtwishe mwenzake. Tusi analitupa njiani, shida anaifikisha.

Na kweli, kwa miaka yote hiyo, shida zilifika.

Mama alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Hakulalamika, lakini kila akija kwetu alikuwa akisimama kwanza katikati ya sebule na kupumua, kana kwamba ametoka ndani ya sanduku. Watoto wake waliona aibu. Kila mmoja kwa wakati wake akamwambia Mama kwamba kiwanja alichoacha mzee kisilale bure, na kila mmoja akajitolea kazi ya mikono yake. Mimi nilijua anachokitaka Mama. Nyumba aliitaka, ndiyo, lakini alitaka zaidi siku moja awaone wanawe wawili wamesimama chini ya paa moja ambalo wote wamelijenga, waone haya, wasameheane. Alinieleza hivyo tukichambua mchele. Nilimwambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune; tusubiri tu, siku ya kapu itakuja.

Wakagawana siku. Zege akiwa kiwanjani, Seremala hatii mguu. Zege akimaliza hatua yake, anaondoka na vyombo vyake vyote, ndipo mwingine anakuja kupima. Kuta zikapanda, vyumba viwili na sebule yenye madirisha makubwa pande zote mbili, Mama aliyachagua mwenyewe. Ikabaki linta, yaani ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta zote na kuzishika pamoja, ambao paa hukaa juu yake.

Hapa lazima nieleze jambo la kazi yao, na asiye fundi anivumilie. Paa halikai juu ya linta kwa uzito wake tu. Zege likiwa bado bichi, vinasimamishwa ndani yake vipande vya nondo, ncha zikichungulia juu, na likishakauka seremala anaulaza ubao wa kwanza na kuzikunja zile ncha juu yake kwa nyundo. Hapo upepo ukija unakuta paa limeshikwa na ukuta. Vyuma hivyo kwa desturi ya mafundi wetu ni mali ya seremala. Yeye ndiye anayejua kila kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, itakaa wapi, kwa hiyo siku ya kumimina anakuja mwenyewe, anapanda, anavichomeka kimoja kimoja kwa mkono wake. Fundi zege havigusi, kama vile mpishi wa watu asivyoonja chungu cha mwenzake. Lakini Seremala angekujaje siku ambayo kaka yake yuko juu?

Akamtuma Mama. Maneno yake niliyajua baadaye, ila nayaweka hapa mahali pake, kwa sababu nikiyachelewesha nitakuwa ninawafanyia mchezo. Alikuwa kwenye banda lake anaranda mbao, hakuinua hata kichwa. Alisema: “Mwambie huyo mwanao mwenye kichwa cha zege, avitoe vyuma vilivyomjaa kichwani avisimamishe kwenye linta, kila penye chaki yangu. Asipofanya hivyo paa litaruka, na safari hii atamzika na mama.”

Mama alisimama pale na sentensi hiyo mikononi. Kwake nyumba ni kuta na paa. Kwamba kuna kitu kinachokishika kimoja kwenye kingine, hakuna aliyewahi kumwambia. Alisikia kichwa cha zege, akasikia vyuma kichwani, akasikia atamzika mama. Akaona ni tusi tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Njiani akalitupa lote.

Asubuhi ya kumimina nilikuwepo. Nilikuwa nabeba maji na wanawake wengine wawili, kokoto zimerundikwa getini, vibarua wanageuza mchanganyiko kwa makoleo. Mume wangu alikuwa juu ya jukwaa anakagua mbao za linta na mirunda iliyozishikilia. Vibarua walikuwa wameshazimwagia maji mbao zote ndani na nje, kama inavyotakiwa, ili zisinywe maji ya zege. Chaki za Seremala, kama zilikuwepo, zilikwenda na maji hayo. Hakuna aliyeziona.

Mama akaja na kitenge chake kipya, uso umejaa furaha. Akainua shingo akamwambia, “Mdogo wako anakusalimia. Anakutakia kazi njema.”

Mume wangu aliganda. Nakumbuka alikuwa na msumari mdomoni, akautoa. Akauliza kama hakusema lolote la kazi.

“Hakusema,” Mama akajibu. “Kazi njema tu.”

Niliyasikia haya kwa masikio yangu, ndoo ikiwa kichwani. Na nilimwona mume wangu akifurahi, ingawa alificha kwa kuwapigia kelele vibarua. Aliniambia mchana, tukiwa tunakunywa chai, kwamba siku hizi Seremala ana mashine ya kutoboa, amemwona kwenye jengo jingine akitoboa zege na kutia bolti, bila shaka na hapa atafanya hivyo ndiyo maana hakuja na vyuma. Halafu akasema, kama mtu anayezungumza peke yake, kwamba linta ikishakauka ataenda kwa mdogo wake mwenyewe, bila mjumbe. Walimimina siku nzima na jioni linta ilikuwa imefunga duara, imesawazishwa vizuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alikuwa anamtengenezea mama yake.

Mama ndiye aliyeimwagilia ile linta. Kila asubuhi alikuja na ndoo na kikombe, anapanda ngazi polepole, anainywesha ili isipasuke. Nilimkataza, umri ule na ngazi wapi na wapi, akasema mtoto akizaliwa lazima anyonyeshwe.

Mume wangu hakwenda kwa mdogo wake. Alisema kesho, halafu akapata kazi ya mbali kidogo, halafu tena kesho. Nilimsukuma, nikamwambia salamu imekuja kwake, sasa zamu ni yake. Akasema nisimharakishe.

Seremala alipokuja, alikuja na kenchi zake zimeshaungwa chini, nzuri, za mbao nyekundu, na mkewe amembebea chakula. Akapanda juu ya ukuta. Akapitisha kiganja juu ya linta kutoka kona hadi kona, na hakikukwama popote.  Kisha akashuka akamuuliza Mama kama alimfikishia kaka yake yale maneno.

Mama akasema, “Nilimfikishia salamu zako zote, na alifurahi.”

Hilo ndilo lililomchoma, kwamba alifurahi. Alicheka kicheko kibaya, akamwambia mkewe unaona, aliambiwa, akafurahi, akamimina. Zege lake halina baba, halina mama, halina ndugu. Mkewe akamshauri aazime ile mashine ya kutoboa kwa tajiri wake. Akasema hatatoboa, hatalibembeleza zege la mtu yule. Atapigilia ubao kwa misumari ya ukuta, ataufunga kwa waya kupitia matofali ya juu, na paa litakaa kwa ufundi wake mwenyewe. Hapo ndipo na yeye simwelewi mpaka leo. Nampenda marehemu shemeji yangu, lakini alijua. Alijua kuliko sisi sote, na akapanda. Kiburi kwao ni cha ukoo, kimegawiwa sawa kwa sawa.

Misumari aliipigilia. Waya alisema ataufunga mwisho, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakusanyika na alitaka upande mmoja uwe umeshaezekwa kabla ya mvua, mbao zisilowe. Kwa hiyo kenchi zikasimama, papi, zile mbao nyembamba za kushikia mabati, zikapigiliwa, mabati yakapanda upande wa nyuma. Upande wa mbele ukabaki wazi. Nyumba ilikuwa imefumbua mdomo.

Upepo ulikuja mchana, kabla ya tone la kwanza. Ulipita kwenye yale madirisha makubwa na kuingia chini ya mabati. Mkewe alikuwa chini anaokota misumari iliyopinda. Anasema kwanza alisikia misumari ya ukuta ikitoka mmoja baada ya mwingine, halafu upande wote wa nyuma ukanyanyuka pamoja na ubao wake, na mumewe akiwa juu yake ameshika papi kwa mikono miwili. Ulikwenda mbali mpaka kwenye rundo la kokoto zilizobaki. Seremala alikuwa chini, kenchi zikawa juu yake.

Linta haikupata hata mkwaruzo. Watu walikuwa wakiipiga makofi na kusema yule fundi alikuwa fundi kweli, mpaka mmoja akakumbuka kuuliza mbona haina vyuma.

Hospitalini walituambia mgongo umevunjika na mbavu zimeingia mahali pasipostahili. Hawakutupa matumaini wala hawakutunyima. Mume wangu alifika akiwa na nguo za kazi, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo kusimama karibu na mdogo wake kiasi cha kumgusa. Mama alikuwa upande wa kichwa, mke wa Seremala upande wa miguu, mimi mlangoni.

Seremala alifumbua macho. Hakumtukana. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi tuiname.

“Kaka, kwa nini hukuviweka vyuma? Nilikutumia neno.”

Nikamwona mume wangu anafungua mdomo kuuliza neno gani. Kisha akamtazama Mama. Mama alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili na rangi imemtoka usoni, midomo inakwenda bila sauti. Mimi pia nilimtazama, na wote wawili tukaelewa kwa pamoja. Nilisubiri aseme. Nilimwomba Mungu aseme. Hakusema.

Mume wangu akamgeukia mdogo wake. “Niliambiwa,” alisema. “Nikaona utanichelewesha. Zege halilali.”

Seremala alimtazama kidogo, kisha akageuza uso kuelekea ukutani. Hakuzungumza naye tena. Alikufa kabla ya alfajiri, na neno la mwisho alilolisikia kwa ndugu yake ni hilo.

Nilimvaa mume wangu nje, kwenye benchi la ua. Nilikuwa na hasira ambazo sijawahi kuwa nazo. Nilimwambia nilikuwepo, nilisikia, aliambiwa lini yeye, na kwa nini anajitia kitanzi shingoni kwa kosa lisilo lake. Alikuwa amekaa anajikuna saruji kavu kwenye vidole. Akanijibu mara moja tu.

“Ulitaka afe hana mama?”

Msibani hakuna aliyemkaribia. Mke wa Seremala alikuwa ameshawaeleza ndugu zake alichokisikia kitandani, na hakuongeza hata neno, hakukuwa na haja. Makaburini wanaume walipokezana koleo kufukia. Mume wangu alinyoosha mkono kupokea, na aliyekuwa nalo akampita akampa mwingine. Mtu ambaye ameishi kwa koleo maisha yake yote alisimama mikono mitupu mpaka kaburi likajaa. Sikulia kwa ajili ya shemeji siku ile. Nililia kwa hilo.

Mama alikuwa hali, hasemi. Nilimpelekea uji chumbani akaniambia yote, banda, mbao, chaki, lile neno zima. Sikumpoza. Nilimwambia kwamba mjumbe hauawi, lakini mjumbe asipofikisha ujumbe, wanaouawa ni wengine, na sasa mwanawe aliyebaki anauawa naye yuko hai. Nilisema vibaya, najua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitenge chake, akatoka.

Watu walikuwa wamejaa uani, siku ya kumaliza matanga, baba mdogo wa ukoo yuko kwenye kiti akipanga mambo ya mjane. Mama akasimama katikati yao. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema neno bila kulichuja. Alisema Zege hakuambiwa. Alisema alitumwa yeye na hakufikisha, akayarudia maneno ya Seremala kama yalivyotoka, kichwa cha zege, vyuma kichwani, chaki, paa litaruka, atamzika na mama. Aliyasema kwa sauti ya mwanawe. Mtoto mmoja akaanza kulia.

 Nikasema moyoni, imekwisha, mume wangu amepona.

Mke wa Seremala akainuka, akamshika Mama mabega kwa upole. Sikuwahi kumwona mpole namna ile.

“Mama, kaa chini,” alisema. “Tangu niolewe sijasikia neno baya likitoka mdomoni mwako. Leo umelitunga ili umwokoe aliyebaki. Sikulaumu. Na mimi ni mama.”

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema huyu mama ana moyo, wengine wakaanza kufuta machozi kwa ajili yake. Mama akasema hapana, sikutunga, ni kweli. Na kadiri alivyokazana ndivyo walivyozidi kumhurumia. Walimjua. Miaka mingapi amekuwa akiwasafishia wanawe maneno? Mjane akakumbusha kwamba Mama mwenyewe alikiri mbele yake kuwa alifikisha na Zege akafurahi. Nikasimama, nikasema nilikuwepo siku ya kumimina, nilisikia kwa masikio yangu. Baba mdogo hakunikemea. Aliniambia tu, kwa adabu, kwamba mke hawezi kumshuhudia mumewe, nikae.

Kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa amekaa peke yake karibu na geti. Akamtaka kwa jina la Mungu aseme, aliambiwa au hakuambiwa.

Mume wangu alimtazama mama yake, jinsi alivyokuwa amesimama katikati ya wale wanawake, kitenge kimemlegea, anamtikisia kichwa aseme kweli. Kama angekubaliana naye, ua mzima ungejua ni nani aliyemuua Seremala, na ungemjua mpaka siku ya kufa kwake.

“Nilichomwambia ndugu yangu kitandani ndicho hicho,” alisema.

Wanawake wakamzunguka Mama wakamwingiza ndani alale, wakisema uchungu umemzidi. Alikuwa bado anayarudia yale maneno mlangoni, yote, na tusi lake, hakuacha hata moja. Wale waliomshika walikuwa wakimjibu, “Ndiyo Mama, tumesikia Mama,” na wanamfunika shuka.